Uwanja Uliokataa Kusawazishwa

Nikisikia harufu ya rangi ya mafuta ambayo haijakauka vizuri, miguu yangu huanza kutafuta mahali pa kukanyaga. Si jambo la kujivunia kwa mtu mzima. Juzi jirani yangu alipaka geti lake rangi ya kijani, nami nikapita pale nikinyanyua magoti kama kuku aliyeingia kwenye majani yenye umande, mpaka akaniuliza kama nimechomwa na mwiba. Nikamwambia ndiyo. Ningemwelezaje kwamba harufu ile, ikichanganyika na ya nyasi zinazooza chini ya udongo, hunirudisha kwenye bembea nne za kijani pale Lihutu, kitongoji chetu cha milimani, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Mbinga mjini, kwenye uwanja ambao kila tulipougeuzia kisogo ulikuwa unashuka?

Nilikuwa darasa la nne, na nilikuwa mtoto wa ndani. Waswahili husema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Mimi fungu langu la mkaa bure lilinitosha kabisa, mradi moto uwe unawaka na blanketi liwe karibu. Bibi yangu Kolumba, aliyenilea, alikuwa akiwaambia wageni kwamba nyumba za watu zina mafiga matatu lakini ya kwake ina manne, na la nne linakula. Wenzangu wakicheza rede barabarani, mimi nilikuwa nachambua maharage ambayo hakuna aliyeniomba niyachambue. Ndiyo maana siku halmashauri ilipotangaza mradi wa bustani ya jamii na uwanja wa watoto wa kuchezea, Lihutu nzima ilishangilia isipokuwa mimi. Niliona wazi kwamba nitafukuzwa jikoni, na ikawa hivyo.

Mahali palipochaguliwa ni mteremko ulio chini ya shule, shamba lililokuwa la marehemu Bibi Generosa, mjane aliyefariki mwaka uliotangulia bila kuacha mtoto. Shamba lilikuwa la ngoro, kama mashamba yote ya Wamatengo: nyasi hukatwa mvua zikielekea kuisha, zikalazwa kwa mistari inayokatana mpaka mlima ukaonekana kama daftari la hesabu, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika zile nyasi. Pale palipochimbwa panabaki shimo la kushika maji, na juu ya tuta linalolizunguka unapanda maharage. Kulaza nyasi ni kazi ya mwanaume, na kuchimba ni kazi ya mwanamke. Bibi Generosa hakuwa na mwanaume, kwa hiyo alilaza mwenyewe, na kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto, miraba yake yote iliegemea upande huo kama mwandiko wa mtoto anayejifunza. Ukiwa ng'ambo ya bonde ungejua bila kuuliza kwamba lile ni la Generosa. Greda ilikuja ikapita siku mbili, ikasukuma matuta ndani ya mashimo, ikakata mteremko ukawa sebule mbili: ya juu bustani ya kabichi na karoti za kina mama, ya chini uwanja wetu.

Aliyesimamia kazi ile ni Bwana Shamba Seif, mtu wa Tanga, mrefu, mpole, aliyevaa masweta mawili hata saa sita mchana. Alipopita kwetu kumsalimia Bibi, alisema shikamoo kwa heshima zote za pwani, na Bibi akamjibu, "Marahaba mwanangu. Naona Generosa mmemzika mara ya pili."

"Ni maendeleo, Bibi. Watoto wapate pa kunyoosha viungo."

"Hawa? Huyu wangu akinyoosha mkono ni wa kufunua chungu."

Bwana Shamba akacheka, mimi sikucheka. Lakini sikumchukia, kwa sababu alikuwa baba yake Zuhura, na Zuhura alikuwa rafiki yangu wa kwanza, na wakati ule wa pekee. Tulikaa dawati moja. Baridi ya Mbinga ilikuwa imemgeuza naye kuwa figa, la tano sasa, akawa anakuja jikoni kwetu kila jioni kuota moto na kunisimulia bahari. Ndiye aliyeniambia, huku akichokoa majivu, kwamba baba yake alikuwa amehamishwa mara tatu tangu yeye aanze shule. Wageni wakuu walikuwa wanakuja kukagua mradi mwisho wa muhula. Wakiridhika, baba angebaki Lihutu. "Ukiharibika, tunahama tena," alisema. "Nimechoka kuaga watu, Editha." Nikamwambia hautaharibika. Niliahidi kama vile mimi ndiye niliyeendesha greda.

Shimo la kwanza lilitokea wiki ile ile rangi ya bembea ilipokuwa bado inanata. Tulilikuta baada ya masomo, chini ya bembea ya pembeni: pamebonyea kwa upole, kama godoro ambalo mtu ameinuka sasa hivi. Kesho yake yakawa mawili. Zuhura aliyaangalia, akaniangalia, na bila kujadiliana tukaanza kazi ambayo mpaka leo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya nje ya nyumba. Kila siku saa kumi, wenzetu wakishaenda kuchota maji, tuliyafukia. Methali ilikuwa upande wetu, usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tuliziba. Mimi ndiye niliyejifanya fundi, maana mwenzangu alikuwa mtu wa pwani na angejua nini kuhusu udongo wetu. Nikamfundisha: kwanza unakata nyasi, unazishindilia shimoni, ndipo unafunika kwa udongo. Mtoto yeyote wa Kimatengo angefanya vilevile. Tangu tunajifunza kutembea tunaona nyasi zikienda chini na udongo ukienda juu. Haikunijia akilini kwamba kuna namna nyingine ya kuweka udongo duniani. Kwamba nyasi huoza, na zikioza hubonyea, hilo nililijua vizuri sana na nilikuwa nimelijibu vizuri kwenye mtihani. Ila mtihani na shimo sikuvikutanisha.

Kwa hiyo tuliyafukia leo, na baada ya siku chache yakarudi. Hilo naweza kulieleza, na nikilieleza watu hunicheka, nami nacheka nao. Ambalo siwezi kulieleza ni yale mengine. Tulikuwa tukiziba matatu, yanatokea manne ambayo hatujawahi kuyagusa, na hayakutokea ovyo. Yalijipanga. Siku moja nilipanda ngazi ya ule mteremko wa bati wa watoto kutelezea, uliosimama kando ya bembea, kitu nilichoapa sitakipanda, ili nimtafute Zuhura kwenye ukungu, maana saa kumi za Aprili huku kwetu ukungu hutambaa kutoka bondeni kama moshi wa jiko la mtu usiyemwona. Ukungu ulipofunguka kidogo nikauona uwanja kutoka juu. Mistari ilikuwa imerudi. Hafifu, kama alama ya mkeka kwenye shavu la mtu aliyelala, lakini miraba ile ilikuwepo, mmoja baada ya mwingine, na yote iliegemea kushoto.

Nilishuka kwa matako, sikutaka kusimama. Sikumwambia Zuhura. Siku hiyo nilijiambia kwamba greda haikushindilia vizuri, na pengine ndiyo kweli yenyewe. Lakini tulipokwenda ukingoni kukata nyasi za kufukia, tulizikuta zimeshakatwa. Zilikuwa zimelazwa chini konzi kwa konzi, shina upande mmoja na ncha upande mwingine, mistari imenyooka na kukatana, mbichi, utomvu bado unatoka. Nikamgeukia mwenzangu.

"Umekuja saa ngapi?"

"Nimekuja na wewe," akasema. "Nilidhani ni wewe."

"Mimi na uvivu wangu?"

Aliinama akagusa moja, akaunusa mkono wake, akaufuta kwenye sketi. Tulisikiliza. Bembea za kijani zilikuwa zimetulia kabisa na hapakuwa na upepo, ila kule ndani ya ukungu, upande wa bustani, kulikuwa na mlio wa nyasi zinazokatwa kwa mundu: krii, ukimya, krii, ukimya, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Zuhura akaita, "Shikamoo." Ni adabu tuliyofundishwa, hata usipomwona mtu mzima unamsalimia vilevile. Mlio ukakoma. Hakuna aliyeitikia marahaba. Na sasa sikilizeni upumbavu wetu: hatukukimbia. Tulizikusanya zile nyasi, tukajaza mashimo saba, tukafunika, tukakanyaga, kwa sababu wageni walikuwa wamebakiza siku nne na sisi tulikuwa na rafiki wa kupoteza. Hofu tuliikuta nyumbani, kwenye moto, na hapo ndipo meno yangu yalipoanza kugongana. Bibi akasema nimeshikwa na baridi kwa kuzoea kutoka nje.

Siku ya ukaguzi uwanja ulikuwa tambarare kama sinia. Bwana Shamba alivaa koti juu ya masweta yake. Kina mama walisimama kwenye bustani na kabichi kubwa kama vichwa vya watoto wachanga. Wageni wakasifu, wakaandika, wakateremka kwetu. Mimi na Zuhura tulishikana mikono nyuma ya mstari wa darasa letu. Kisha mwalimu akapuliza filimbi na watoto wote wa shule, ambao kwa wiki nzima walikuwa wamekatazwa kuchafua uwanja, waliachiliwa wacheze. Walikuja wakirukaruka, mamia ya miguu. Sikusikia kishindo. Nilisikia mpumuo, kama unga unapomwagwa kwenye gunia, na ardhi ikaanza kushuka, kwanza chini ya bembea, kisha mraba wa pili, wa tatu, ukifuata mstari kuelekea kwa wageni bila haraka. Mgeni mkubwa alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika wakati mguu wake wa kulia ulipozama mpaka gotini. Hakuumia. Watoto walisimama, kila mmoja ndani ya shimo lake, wakatulia kama miche. Hakuna aliyelia wala kucheka, na kwenye ukimya ule Bibi yangu, kutoka bustanini, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemtambua jirani sokoni, "Ah. Generosa."

Kina mama wengine waliitikia kwa vichwa. Waliutambua mkono wake.

Barua ya uhamisho ilikuja kabla ya likizo. Bwana Shamba alipangiwa chini, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na Bibi alimfungia maharage ya njiani. Wakati wanapakia vyombo, Bwana Shamba aliniambia kitu ambacho hakukusudia kiniumize. Alisema laiti angeyaona yale mashimo mapema, angewaambia wakubwa kwamba mteremko unadai ngoro zake, angegeuza uwanja wote kuwa bustani, na pengine wangemsifu. "Ila yalitokea siku moja tu," alisema, "yote pamoja, ajabu." Mimi na Zuhura tuliangalia viatu vyetu. Mficha uchi hazai, nasi tulikuwa tumeuficha kwa bidii, kwa nyasi za kuletewa. Zuhura alipopanda gari hakuniaga. Alikuwa amesema amechoka kuaga watu, nami nikaelewa, ingawa nilikaa jikoni siku tatu nikisingizia moshi.

Leo bembea hazipo. Zimebaki nguzo mbili zenye magamba ya rangi, na katikati yake watu wanalima ngoro kama zamani. Watoto wa Lihutu wanacheza barabarani, wakikwepa bodaboda, na wenye tabia zangu wanakaa ndani na simu, wala hawatafuti maharage ya kusingizia. Halmashauri imejenga uwanja mwingine mahali tambarare, na nasikia safari hii waliuliza kwanza shamba lilikuwa la nani. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikarudi palepale. Bibi alipofariki niliachiwa nyumba, mafiga matatu, na kipande cha mteremko nyuma ya choo. Sina mwanaume wa kunilazia nyasi, na waliojitokeza walikuwa wanapenda kutembea. Nalaza mwenyewe.

Zuhura ni mwalimu huko ziwani. Mwaka huu, baada ya miaka mingi ya kupigiana simu na kuahidiana uongo, alipanda basi akaja, na mfuko wa usipa wakavu ulionukisha nyumba nzima samaki. Tulicheka mpaka tukachoka. Jioni alitoka kwenda chooni, akakawia. Nikamfuata, nikamkuta amesimama juu ya mteremko, ukungu ukiwa magotini mwake, anaangalia shamba langu ambalo nilikuwa nimelilazia nyasi wiki ile.

"Nani amekulazia?" akauliza.

"Mimi."

Alinishika mkono wa kulia, ule ninaokula nao, ninaoandika nao haya, akaugeuza akaukagua kama daktari. Ndipo na mimi nikatazama chini, kwa mara ya kwanza nikiwa nimesimama mahali pale. Miraba yangu yote ilikuwa imenyooka vizuri, imepangwa kwa subira, na yote iliegemea kushoto.