Mpiga Picha Aliyeomba Picha Mbaya

Chumba chake cha kazi kipo ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo, na ukutani hakuna picha hata moja. Mteja anayeingia mara ya kwanza hudhani amekosea mlango. Ndani kuna meza ndefu, taa ya mezani, viti vinne visivyofanana, na mwanamke wa miaka hamsini na minane mwenye miwani ya kusomea kichwani na ya kutembelea machoni. Mtaa mzima unamwita Mama Ngoja. Jina hilo alibandikwa na wapiga picha wenzake, nao hawakuwa wakimsifu.

"Mpe harusi leo," alisema mmoja wao, "picha utazipata mtoto akianza kutambaa."

Mfamasia aliyepanda ngazi hizo Jumatano moja alikuwa ameshapita kwa wapiga picha wawili. Shida yake ilikuwa fupi kuieleza. Mama yake, fundi cherehani wa miaka sabini na mmoja, hakuwa na picha ya familia hata moja inayoonyesha uso wake vizuri. Na siku ilikuwa moja tu, Jumapili, kwa sababu Jumatatu mdogo wake wa mwisho angesafiri kwenda kufanya kazi mbali kwa mkataba wa miaka minne. Hakuna aliyetaka kupiga hesabu ya umri wa mama baada ya hapo.

Mpiga picha wa kwanza alikuwa ameahidi kumpunguzia mama miaka kumi kwenye kompyuta. Wa pili alisema angepiga picha mia mbili kwa dakika ishirini, maana katika mia mbili haikosi moja. Wote wawili walimfungulia albamu za kazi zao bora.

Mama Ngoja hakumfungulia chochote.

"Niletee picha zenu," alisema. "Zile mbaya."

"Mbaya kivipi?"

"Zile mnazozificha nyuma ya albamu. Nzuri hazinisaidii. Kwenye nzuri watu wameshajipanga."

Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu alipiga picha za vitambulisho katika ofisi yenye dirisha dogo na foleni ndefu. Kila uso ulipewa chini ya dakika moja. "Mtu akiingia pale ni mwalimu, ni muuguzi, ni baba wa watu," anasema. "Kwenye picha wote wanatoka kama waliokamatwa." Alipoacha kazi hiyo, alinunua meza kabla ya kununua kamera.

Alhamisi mfamasia alirudi na bahasha yenye picha thelathini na moja. Mama Ngoja alizipanga mezani kwa miaka, akashusha miwani ya kusomea, akainama. Karibu saa nzima hakusema neno zaidi ya lile lililompa jina. Kisha akaisogeza taa.

"Angalia mikono ya mama yako."

Katika picha ya kwanza mama ameinama, mgongo kwa kamera, anaweka sawa kola ya mtoto. Katika picha ya harusi ya mwanawe wa pili, uso wake umefichwa na mkono wake mwenyewe unaokimbilia tai ya bwana harusi. Siku ya mahafali ya mfamasia ameonekana nusu, ana pini midomoni.

"Nyumbani tunasema mama hapendi picha," mfamasia alisema. "Siku hizi hata hatumlazimishi."

"Hana ugomvi na picha. Yuko kazini."

Jumapili saa tisa alasiri Mama Ngoja alifika na kamera moja na kiti chake kimoja. Kiti hakukiweka mahali pa kupigia picha, bali mlangoni mwa sebule, na akamkalisha fundi cherehani hapo.

"Mama, hapiti mtu hapa mpaka umkague. Ukisema tayari, ndipo naanza."

"Na nisiposema?"

"Sianzi."

Mwana wa pili, mwalimu wa udereva mwenye miaka arobaini na minne, alipita wa kwanza na alisimamishwa papo hapo.

"Mama, shati ni jipya hili."

"Jipya, lakini aliyelishona alikuwa na haraka. Geuka."

"Jamani, hata mtihani wa leseni hauna maswali yote haya."

"Na huo uliufeli mara mbili. Geuka."

Kitinda mimba alirudishwa kupiga pasi, akarudi, akarudishwa tena. Mfamasia alifunguliwa mshono wa pindo na ukashonwa upya akiwa amesimama. Saa kumi na nusu mwanga wa dirishani ulikuwa umeshahama kutoka kwenye kochi hadi ukutani. Mfamasia alimvuta mpiga picha kando, kwenye ujia wa kwenda jikoni.

"Jua linaondoka, na mdogo wangu bado hajafunga hata begi. Kesho hatuna."

"Najua, mwanangu. Lakini tukimkatiza sasa, atamalizia ndani ya picha."

Mfamasia alirudi sebuleni. Ilifika saa kumi na moja kasoro. Mama alipapasa bega la mwisho, akatoa pini midomoni, akaichomeka kwenye kimto chake cha pini.

"Tayari."

Alikaa katikati ya watoto wake, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Mfamasia alinyoosha mkono kuiondoa. Mpiga picha akamwambia aiache. Mikono ya mama ilitafuta kazi, ikakosa, ikatulia magotini. Mama Ngoja alipiga picha nne, akafunga kamera.

Kesho yake saa mbili asubuhi, mwanamke anayesemwa kwa kuchelewesha picha alikuwa mlangoni na nakala nne. Familia ilizizunguka mezani. Mama ametazama kamera moja kwa moja, midomo imeachana kidogo, kama mtu aliyetaka kusema jambo akaona halina haraka.

Mwalimu wa udereva ndiye aliyeanza kucheka. "Mama, kola yako."

Upande wa kushoto kola ya gauni lake ilikuwa imekunjika kwa ndani. Alikagua watu watatu kwa karibu saa mbili, na yeye hakukaguliwa na mtu.

"Uliiona?" mfamasia alimuuliza mpiga picha.

"Niliiona mapema."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, angesimama."

Fundi cherehani aliipeleka picha dirishani, akaitazama kola ile kwa muda, kama anavyotazama kazi ya fundi mwingine. "Imekunjika tu," alisema. "Mshono uko sawa."

Kitinda mimba aliweka nakala yake ndani ya begi, kati ya mashati mawili, akafunga zipu. Gari lilikuwa limeshafika nje. Kabla ya kutoka alisimama mlangoni mbele ya mama yake, akageuka bila kuambiwa.