Gurudumu la Pindo

Watu walimwita Pindo kwa sababu pindo lake lilikuwa halifumuki. Suruali ingetoboka magoti, ingepauka, ingeishia kuwa tambara la kufutia vumbi, lakini pale chini alipokunja yeye pangebaki vilevile. Jina likamkaa. Hata mumewe alimwita hivyo, mbele ya wageni na wakiwa peke yao.

Mume alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake kiliegemea ukuta wa nyumba, na upande wa pili wa ukuta huo kulikuwa na chumba cha cherehani. Katikati palikuwa na dirisha lisilo na kioo. Mchana kutwa walisikilizana, mmoja akigonga, mwingine akikanyaga. Cherehani ikinyamaza, Fundi angeuliza bila kuinua kichwa, "Vipi huko?" na mkewe angejibu, "Uzi." Basi. Hawakuwa watu wa maneno mengi, ingawa kwa maneno yale machache ya Pindo mtu mzima aliweza kurudi kwake amenywea.

Walijuana kwa gurudumu. Pindo alikuwa msichana, katumwa na baba yake kuchukua gurudumu la mbele lililokuwa limepinda. Fundi, kijana bado, alikuwa amelinyoosha na akataka aonekane. Akalishika ekseli pande zote mbili, akamwambia Pindo ashike hivyohivyo, kisha akalizungusha kwa nguvu.

"Sasa liinamishe."

Pindo akaliinamisha kushoto. Gurudumu likakataa, likamsokota mikono kuelekea upande asioutaka. Akapiga kelele, akalitupa chini.

"Lina shetani hili!"

"Halina. Likisimama ni chuma tu. Likizunguka linakuwa na njia yake, halipendi kugeuzwa."

"Basi lifunze adabu kwanza, ndipo nije kulichukua."

Ringi ilikuwa imepinda tena kwa kutupwa. Ikabidi arudi kesho yake, na kesho kutwa. Fundi alikuja kudai kwamba siku zile alichelewesha kazi makusudi. Pindo alisema mwongo huyo, alikuwa hajui kazi tu.

Cherehani ilitoka kwa mama yake Pindo. Ilikuwa ya kukanyaga, na gurudumu kubwa la chuma chini ya meza na dogo juu, mkanda wa ngozi ukiyaunganisha. Kubwa likienda mzunguko mmoja, dogo linakwenda mara kadhaa, na sindano nayo hivyo hivyo. Mama alipokuwa mgonjwa aliwaita mabinti zake wawili, wote washonaji. Hakugawa kwa ukubwa wala kwa mapenzi. Alisema, "Mashine ni ya anayeshona." Wakati ule mdogo mtu alikuwa akinyonyesha na ameacha kazi, kwa hiyo mashine ikaenda kwa Pindo. Hakuna aliyenung'unika.

Miaka ikapita, mdogo mtu akarudi kwenye ushonaji. Alishona sokoni kwa mashine ya kuazima, ambayo mwenye nayo aliidai kila alipoikumbuka.

Kisha sukari ikamshika Pindo miguu. Haikumuuma. Afadhali ingeuma, alisema. Miguu ilikufa ganzi kuanzia vidoleni, ikawa anaitazama ili ajue iko wapi. Nguvu kidogo ilibaki, aliweza kukanyaga. Ila hakuweza kusikia anachokanyaga.

Na cherehani ya miguu inataka kusikiwa. Katika kila mzunguko pana mahali pawili ambapo mguu hausaidii kitu, pale kanyagio linapofika juu kabisa na linapofika chini kabisa. Hapo gurudumu hujipitisha lenyewe, kwa mwendo lililokuwa nao. Mguu mzima unapajua, unalegea kidogo, unasubiri. Mguu wa ganzi unasukuma tu, na usiposukuma kwa wakati wake gurudumu linasita, halafu linarudi nyuma. Likirudi nyuma uzi unajikusanya chini ya kitambaa kama kiota cha ndege, halafu unakatika.

"Vipi huko?"

"Uzi."

Baada ya muda mfupi tena, "Vipi?"

"Uzi! Usiniulize, nitakuwa nakwambia uzi mpaka jua lizame."

Walijaribu mota ya kuazima. Mota ikavuta foronya kama mwizi, na mguu wa Pindo haukujua kuibembeleza. Ama ililala, ama ilikimbia. Wakairudisha.

Ndipo mdogo mtu alipokuja kumsalimia dada yake. Alikuta kitambaa kimelala kwenye meza, na uzi umejaa sakafuni. Alikaa, akanywa chai, akazungusha maneno kwanza.

"Dada, mama alisemaje?"

"Alisema mengi."

"Unajua ninalosema. Mimi nashonea mashine ya watu. Hii imekaa."

"Haijakaa. Imekwama."

"Haya, imekwama. Mimi nitakuja na mkokoteni mwisho wa mwezi. Ukiwa unashona, narudi na mkokoteni wangu mtupu, sitafungua mdomo. Ukiwa hushoni, dada, usinitilie kinyongo."

Mdogo mtu alipoondoka ndipo Pindo alipomwambia mumewe kupitia dirishani, "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ana haki."

"Anayo."

"Basi fanya kitu. Au kazi yako ni kunisikiliza tu?"

Fundi alifikiri hivi. Ikiwa gurudumu linakwama kwa kukosa mwendo, basi liongezwe uzito, lipitilize lenyewe pale miguu inaposhindwa. Akakata vipande vya nondo, akavifunga kwa waya katikati ya gurudumu la chini, karibu na kitovu, kwa sababu mikono ya chuma pale ni minene na waya unakaa vizuri. Pindo akaanzisha kwa mkono, akakanyaga. Uzi ukakatika kama kawaida.

"Umeongeza nini?"

"Chuma."

"Nimeona. Umeongeza nini cha kusaidia?"

Akarudi kibandani. Kulikuwa na baiskeli mbili zimepinduliwa miguu juu, moja ya mizigo, yenye ringi nene na tairi zito, nyingine nyepesi. Akazungusha gurudumu moja la kila baiskeli. Jepesi likasimama mapema. Zito likaendelea kwenda na kwenda, likamngoja hadi akachoka kulitazama. Lakini kitovu cha jepesi kilikuwa kinene kuliko cha lile la mizigo. Uzito wa katikati haukumsaidia mtu. Uzito unaofanya kazi ni ule wa pembeni, kwa kuwa ndio unaosafiri mbali kila mzunguko na ndio mgumu kuuzuia ukishaondoka.

Akatoa nondo zote kule katikati. Akaanza kuzifunga kwenye ukingo wa gurudumu, akakaza kipande cha kwanza kwa bolti, na cha pili kando yake, kisha giza likataka kuingia akamwambia Pindo ajaribu kwa hivyo vilivyopo.

Pindo akakanyaga. Mashine ikatetemeka, meza ikagonga ukuta, na cherehani nzima, na meza yake, ikaanza kutembea kuelekea mlangoni.

"Inakwenda wapi?" Pindo aliuliza, kaishikilia kwa mikono miwili.

"Inamfuata mdogo wako."

Pindo alicheka mpaka akatoa machozi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu miguu ife.

Kosa Fundi alilijua papo hapo, na lilimtia aibu, maana mtu wa baiskeli anapaswa kulijua usingizini. Gurudumu lililoelemewa upande mmoja litakuvuta upande huo, likienda juu linakunyanyua, likishuka linakugonga. Asubuhi alifungua mkanda, akaliacha gurudumu likae lenyewe. Likajigeuza polepole, sehemu yenye nondo ikatua chini. Akafunga vipande viwili upande wa pili, sawa na vile. Likajigeuza tena kidogo. Akapunguza kwa tupa. Akazungusha, akaacha, akazungusha, mpaka likawa linasimama popote, halichagui. Kisha akaongeza vingine, kila kipande na mwenzake wa upande wa pili.

Pindo alianzisha kwa mkono wa kulia. Gurudumu lilikuwa zito kuondoka, ikabidi aliviringishe mara mbili. Halafu likashika njia. Miguu ilikanyaga hovyo, mara ikiwahi, mara ikichelewa, na gurudumu halikujali. Lilipita juu, likapita chini. Sindano ikaenda. Mshono ukanyooka, mrefu, kuvuka foronya nzima.

"Inakwenda!" Fundi alisema.

"Naona inakwenda. Inasimamaje?"

Haikusimama. Foronya iliisha, sindano ikaendelea, ikachukua mkono wa gauni la Pindo na kuushona kwenye foronya kwa mshono mzuri kabisa, mpaka alipofanikiwa kuweka kiganja juu ya gurudumu dogo.

Alikaa pale, mkono umenasa.

"Nimejishona," alisema. "Umenipa lori lisilo na breki."

Fundi akachukua mkasi, akamfumua. Akasema atafunga breki ya baiskeli, ile ya raba mbili, na waya kuja mezani. Tayari alikuwa anaitafuta kwenye kopo. Alifikiri ameshindwa kwa namna nyingine, kwamba kilekile kilichomsaidia ndicho kilichoharibu, na hakuna namna ya kupata kimoja bila kingine. Kilicho kigumu kukwama ni kigumu kusimama.

"Acha breki," Pindo alisema. "Leta matambara."

Alishona matambara. Siku nzima, na siku zilizofuata, matambara yasiyo na kazi, mshono juu ya mshono. Fundi alisikia kibandani cherehani ikianza nzito, ikishika kasi, ikipungua, ikinyamaza. Mara ya kwanza alidhani mkewe amechoka. Akachungulia. Pindo alikuwa ametoa miguu kwenye kanyagio, yote miwili, ameiweka sakafuni, na mashine ilikuwa bado inashona. Ilikuwa inapunguza yenyewe, taratibu, na sindano ikaishia ukingoni mwa kitambaa, ndani yake, si nje.

"Umefanyaje?"

"Nimeacha mapema."

"Mapema vipi?"

"Nikiona kona ya kitambaa nimeshachelewa. Lazima niache nikiwa bado nataka kushona." Akakata uzi. "Usinisumbue, nauzoea mwendo wake."

Mdogo mtu alikuja kama alivyosema, na mkokoteni na mwenye mkokoteni. Yule bwana akabaki nje akijipepea kwa kofia. Ndani Pindo alikuwa anashona suruali ya sare. Hakuinuka.

"Karibu. Kaa, namaliza pindo."

Mdogo mtu hakukaa. Alisimama nyuma yake, akatazama miguu kuliko mikono. Aliiona ikikanyaga ovyo. Akaiona ikitoka kwenye kanyagio mshono ukiwa haujafika nusu ya mzunguko wa mguu wa suruali, akafungua mdomo kusema ndiyo hiyo, imeshindwa. Mashine ikaendelea. Ikazunguka mguu wa suruali, ikapungua, ikafika pale ilipoanzia, ikasimama.

Akaichukua suruali, akaivuta pindo kwa nguvu za mtu anayetaka ifumuke.

"Hebu nipishe nijaribu."

"Jaribu."

Alikaa. Alikuwa mshonaji mzuri, mwenye miguu mizima. Akakanyaga kama anavyokanyaga sokoni, akaacha pale anapoachia sokoni, na mashine ikaruka nje ya kitambaa, ikashona hewa, ikala uzi, mpaka dada yake aliponyoosha mkono na kuisimamisha kwa kiganja.

"Shemeji!" aliita dirishani. "Umeifanya nini mashine ya mama?"

"Nimeilisha."

"Imenenepa mpaka haisikii."

"Inasikia," Pindo alisema. "Inasikia mapema tu."

Mdogo mtu aliinuka. Alikuwa na hasira kidogo, na haya kidogo, na mwisho akashika kiuno na kucheka. "Mashine ni ya anayeshona," alisema. "Haya. Nilisema sitafungua mdomo, na tazama navyoongea."

Mwenye mkokoteni alichungulia. "Mama, mzigo uko wapi?"

"Mzigo ni mimi. Nipeleke sokoni."

Pindo alishona kwa mashine ile misimu kadhaa tena. Watu walileta mashuka, sare, mapazia, mifuko ya turubai ambayo mashine nyingine zilikwama juu ya mikunjo yake. Ile haikukwama. Ilipofika kwenye mkunjo mnene, gurudumu lilipita tu. Mdogo mtu mwenyewe alileta turubai zake zilizomshinda sokoni, akakaa kumtazama dada yake akishona, na kila mara alisema sasa, acha sasa, na kila mara Pindo alikuwa ameshaacha.

Sukari haikuishia miguuni. Aliugua wiki chache, akafa mchana, Fundi akiwa amemshika mkono. Hakusema neno la kukumbukwa. Aliomba maji.

Baada ya mazishi mdogo mtu alikuja mara nyingi, akapika, akafagia. Chumba cha cherehani alikifagia pia, akizunguka meza. Hakuuliza kitu. Fundi ndiye aliyesema.

"Ichukue."

"Shemeji, si lazima."

"Unashonea mashine ya watu mpaka lini?"

Mdogo mtu akasema kwa sauti ya chini, "Ile siiwezi, shemeji. Unajua siiwezi. Itabidi utoe vile vyuma."

Fundi akaleta spana. Akalala ubavu chini ya meza. Alifungua kipande kimoja, kisha mwenzake wa upande wa pili, kisha kingine, na mwenzake. Bolti zilikuwa zimeshika kutu kidogo, akazipaka mafuta, akasubiri. Hakufanya haraka. Alivipanga vile vipande vya nondo sakafuni viwili viwili.

Vilipokwisha alirudisha mkanda, akalizungusha gurudumu kwa mkono. Likaenda kidogo, jepesi, likasimama, kama la cherehani yoyote.

"Tayari," alisema. "Kamwite mwenye mkokoteni."