Mguu wa Senene Kwenye Taipureta

Nilikula senene, wale panzi wa kukaanga, juu ya taipureta ya baba. Utotoni nilikana, na ukubwani nimeendelea kukana, ila kwa Kiswahili fasaha zaidi.

Jana herufi moja ya kompyuta yangu iligoma. Nikaizima, nikaiwasha, nikaibembeleza. Elimu yangu ya chuo kikuu ikaishia hapo. Nilipoipindua kibodi na kuitikisa, zikadondoka chenga za senene, na ile harufu ya kitunguu na mafuta ikanirudisha mtaani Igogo, kando ya ziwa, sebuleni kwetu.

Baba alikuwa anachapa barua ya kuomba kazi, herufi ikakwama. Akaigeuza mashine, akachokonoa kwa sindano ya mama, akatoa mguu mmoja mkavu wenye miba.

"Nani alikuwa anakula hapa?"

"Ni wale wadudu wa ziwani, baba. Wanaingiaga dirishani."

Akaunyanyua mguu kwenye mwanga. "Mdudu wa ziwani ana paja hili?"

Mama aliinamia mkeka aliokuwa anasuka. Msimu ule wote bakuli la senene lilinipita mbele ya pua.

Leo asubuhi nimempigia mama, nitubu yaishe.

"Shikamoo, mama. Ule mguu wa kwenye taipureta, ni mimi."

Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, na usomi wako wote! Senene anakaangwa akiwa hana miguu. Mimi ndiye nilikuwa nawanyonyolea pale kwenye meza ya taipureta."