Gari la Babu na Vigari vya Mjomba Nassor

Harufu ya rangi ya gari inapopulizwa, ile inayopanda puani na kukaa kooni, watu wengine huwakumbusha gereji. Mimi hunikumbusha eda ya Bibi. Najua mambo hayo mawili hayahusiani, lakini mwaka ule nilipokuwa darasa la nne yalikaa chini ya dari moja, katika nyumba yetu ya Wattaya, nyuma ya maduka makubwa ya magari mapya. Mjomba Nassor, mdogo wake Mama, alitoka ofisini adhuhuri, akavua kanzu yake nyeupe, akenda Ghala, mtaa wa magereji, na jioni akarudi ananukia rangi kuanzia nywele mpaka kandambili. Mama alimsubiri mlangoni na kumkimbiza bafuni kabla harufu haijafika chumbani kwa Bibi. Mimi nilishika taulo, na sikuelewa kwa nini mtu mzima mwenye ndevu aogeshwe kwa haraka namna ile.

Babu alikuwa amefariki miezi michache kabla. Aliacha gari jeupe la saluni, la Kijapani, la milango minne, la aina ambayo likipita barabarani huligeukii. Yeye aliligeukia. Kila Ijumaa asubuhi aliliosha kwa mikono yake, na baada ya sala ya alasiri alimfungulia Bibi mlango, akamsubiri akusanye buibui lake, akaufunga taratibu, kisha wakaenda ufukweni Yiti wawili tu na chupa ya chai ya maziwa na sahani ya vitumbua. Huko hata garini hawakushuka. Walishusha vioo, wakatazama bahari, wakala, wakarudi. Bibi alipoingia eda hakuomba mengi. Siku ya tatu, wageni walipopungua, alisema mbele yetu sote, "Nikitoka eda, Nassor anipeleke Yiti kwa gari ya baba'ke. Jengine sitaki." Mjomba aliitika, "Naam, mama," na machozi yakamtoka bila ya kuyafuta. Yeye na baba yake walipendana sana.

Wiki ile ile gari likaondoka uani. Bibi, ambaye kwa eda yake hakutoka nje, alisikia kimya cha mahali pale na kuuliza liko wapi. Akajibiwa liko gereji. Haukuwa uongo, na hilo ndilo lililonichanganya, kwa sababu kila aliyejibu alikuwa akinitazama mimi kwa jicho la kunikanya. Nilifundishwa kwamba mtu husema kweli au husema uongo. Hakuna aliyenifundisha lile la katikati, ambalo nyumba nzima ilikuwa ikiliishi.

Alhamisi moja Mjomba alinichukua Ghala nikaone. Gereji ilikuwa ya rafiki yake, kibanda cha mabati chenye joto la tanuri, sakafu imejaa unga wa msasa. Nilitafuta gari la Babu nisilione. Nilioneshwa kitu kilicholala karibu kugusa chini kwa mbele na kunyanyua makalio kwa nyuma, matairi ya nyuma manene kuliko ya mbele, na juu ya boneti pua kubwa ya bati iliyotaka kumeza upepo. Injini yenyewe Mjomba angeitoa nje kabisa kama si kuwaogopa trafiki. Rangi ilikuwa ya chungwa, tabaka jembamba linalopitisha nuru juu ya tabaka la fedha, ukilitazama sana unahisi kulilamba. Niliuliza la Babu liko wapi. Mjomba akacheka, akanishika bega na kusema, "Ndilo hili, Zuwena. Baba'ngu alikuwa mfalme, na gari yake iwe ya mfalme." Rafiki zake wakasifu, mmoja akataka rimu zing'arishwe zaidi, mwengine akataka moshi utokee ubavuni. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kila nilipokwenda tena nilikuta kimezidi kitu.

Nilipomuuliza yote haya kayatoa wapi, alinikalisha kwenye zulia la chumbani kwake na kumwaga sanduku la vigari vya kuchezea, vile vya chuma kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Vyote alinunuliwa na Babu, kimoja kila alipofaulu mtihani. Akaanza kunisomesha. Zamani, alisema, vigari vilikuwa nakala ndogo za magari ya dukani, ya baba za watu, mekundu na ya buluu, yametulia. Kisha huko Marekani vijana wakawa wananunua magari makuukuu na kuyachezea barabarani, wanashusha pua, wananyanyua nyuma, wanatoa injini nje, wanapaka rangi za peremende. Kampuni moja ya vitu vya watoto ikayaona. Ikaajiri wachoraji waliokuwa wakichora magari ya kweli, wakaacha kuiga yaliyo dukani wakaiga yaliyo mtaani. Ndiyo maana kigari kina matairi ya nyuma makubwa, alisema, na ndiyo maana kinang'aa vile. Alinionesha mlango wa kimoja kwa ncha ya ukucha. Haukufunguka wala haukuwa na kitasa, ulikuwa mstari tu uliochorwa kwenye chuma. "Hata hii wameipata kule," akasema. "Wale vijana wakitoa vitasa ili ubavu uwe laini. Na mimi nimetoa." Nikamuuliza yeye kaiga magari ya kweli au vigari. Akafikiri. "Vigari. Lakini vigari vimeiga magari." Nikauliza sasa nani kamuiga nani. Akakuna ndevu na kukiri kwamba hajui, na kwamba pengine sasa hivi kuna mtoto anachezea kigari kilichoigwa gari ya mtu aliyeiga kigari. Kichwa kiliniuma mpaka wakati wa chakula.

Kilichonitesa zaidi hakikuwa hicho. Nililala nikijiuliza gari likibadilishwa pua, miguu, rangi na mlango, ni kitu gani kinabaki kilichokuwa cha Babu. Nilimuuliza Mama jikoni. Alikuwa anakuna nazi, akasita. "Nassor ana majonzi, mwanangu. Mwache." Kwani mwenye majonzi hupaka gari rangi ya chungwa? Yeye Mama alipofiwa alilia, nikaelewa. Sasa naona kwamba Mjomba hakuweza kuliangalia gari lile jeupe limesimama uani bila ya mwenyewe, na kwamba kwake zawadi kubwa kabisa duniani ilikuwa kigari kutoka kwa baba yake, basi alikuwa akimrudishia baba yake kigari. Kipendacho roho hula nyama mbichi. Lakini hakuna katika sisi aliyemuuliza Bibi, na wote tulijua ombi lake.

Siku aliyotoka eda alioga, akavaa nguo mpya, akafukizwa udi. Majirani wakaja, sinia ya halwa na birika la kahawa vikazunguka. Baada ya alasiri Bibi alisimama barazani na mkoba wake mdogo, na Mama ameshika chupa ya chai. Mficha maradhi kifo humuumbua, na gari lilikuwa pale uani, linawaka kwenye jua. Bibi alilitazama, kisha akatazama nyuma yake, kama kwamba jengine limejificha huko.

"Nassor, gari ya baba'ko iko wapi?"

"Ndiyo hii, mama."

Bibi alishuka ngazi, akaliendea upande wa abiria, na mkono wake ukaenda moja kwa moja pale kitasa kilipokuwa miaka yote. Ukakuta bati tupu. Ukapapasa juu, ukapapasa chini. Mjomba akabonyeza kidude alichokishika na mlango ukaruka wazi wenyewe. Bibi akarudi hatua nyuma. "Imependeza," akasema kwa upole. "Lakini miye nlikuwa nataka ile." Akarudi ndani, na siku ile Yiti hatukwenda. Mjomba alibaki amesimama uani mpaka adhana ya magharibi. Niliwahurumia wote wawili, na nilitaka mmoja awe mkosa ili nijue nimwonee huruma nani.

Maji yakimwagika hayazoleki, na vitasa vya zamani vilikwisha tupwa. Baada ya miezi Bibi alikubali kupanda, kwa sababu goti lilimuuma na hospitali ni mbali. Baadaye akakubali Yiti, na Ijumaa zikarudi, miaka na miaka, yeye na mwanawe na chupa ya chai ndani ya gari la chungwa, watoto wa njiani wakiwapungia mikono. Mjomba alifurahi lakini hakujisamehe. Akaanza kutafuta kigari cha saluni ile ile, nyeupe, kama ilivyotoka kiwandani, ampe mama yake angalau hicho. Alitafuta Ruwi, alitafuta Dubai, siku hizi anatafuta kwenye simu. Aina ile ipo, lakini kila anayeitengeneza ameishusha pua, ameitia matairi manene na michoro ya miali ya moto milangoni. Gari la mzee wa kawaida hakuna aliyeona haja ya kulimimina kwenye kalibu.

Mwanangu wa kiume ana vigari vingi kuliko alivyokuwa navyo Mjomba. Majuzi alinionesha kwenye simu mtu aliyejitengenezea gari uani kwake, likachaguliwa na kampuni ya vigari, likafanywa kigari kinachouzwa dunia nzima, na akaniuliza mbona la Mjomba Nassor halikupelekwa. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Mjomba sasa ana mvi na miwani, na wakati huo alikuwa kwenye kazi nyengine. Alinunua kimoja kati ya vile vya miali ya moto, akakivua rangi, akakiziba pua, akakipandisha mbele, akakitia matairi membamba. Akakipaka nyeupe. Vitasa alivitengeneza kwa vipande vya waya, akavibandika kwa kibano, pumzi ameizuia.

Alimpelekea Bibi Ijumaa iliyopita. Bibi ni mkongwe sasa, hatoki tena, lakini anatujua sote kwa majina. Alikiweka kiganjani, akakipitishia kidole ubavuni, akakisifu. Kisha akamrudishia. "Kizuri, mwanangu. Ila ya baba'ko ilikuwa ya chungwa. Tukienda Yiti, watoto wakitupungia mikono, na yeye akicheka."

Mjomba alinitazama. Nilikuwa mimi tu chumbani, pamoja naye, ninayelikumbuka lile jeupe. Sijui kama Bibi amesahau au ameamua. Niliwaza kumwambia, nikaona uso wake ulivyotulia, nikamimina chai. "Naam, mama," akasema Mjomba, na kukitia kigari mfukoni. Zamani nyumba nzima tulimficha Bibi gari la chungwa. Sasa tumebaki wawili, tunamficha lile la Babu.