Ndege Yetu na Udongo wa Kwanza

Siipendi ndege ya taifa letu, na sitaki mtu aniambie nipunguze ukali. Niliipenda kwa miaka kadhaa, kwa sauti, mbele za watu, na mapenzi hayo yaliniondolea nafasi yangu katika nyumba ya baba. Anayetaka kuitetea aje kwanza Bukombe aone shamba letu lilivyo leo.

Ninauza vipuri vya makarasha pale Buseresere, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na bidhaa zangu nazifuata China mwenyewe. Tulikuwa wanawake tisa tunaokwenda huko, wengine kwa nguo, wengine kwa vyombo, tukaunda kikundi, nami nikachaguliwa mwenyekiti. Siku ilipotangazwa kwamba ndege yetu itakwenda China moja kwa moja, nilisimama kwenye kikao nikapendekeza sheria: mwanakikundi asipande ndege ya mgeni kama yetu inafika kule. Sisi watu wa huku tunapenda sheria za vikundi. Za kulima tunazo, za msiba tunazo, na anayezivunja hutengwa hadi akose wa kumpa moto wa kupikia. Tukaongeza na ya ndege. Makofi yalipigwa, na mimi nikajiona nimeikomboa nchi.

Baba alicheka aliposikia. Alikuwa mkulima wa upande wa Ushirombo, huko huko Bukombe, Mkatoliki asiyekosa misa ya kwanza, na hakuwahi kupanda ndege. Lakini alikuwa na maksai. Siku zote alifuga jozi tatu wakati shamba lilihitaji mbili, na majirani walimwona mtu wa kujionyesha. Jozi ya tatu inakula bure, walisema. Mvua zikianza, ng'ombe wa jirani akivimba bega, jirani alikaa kusubiri apone huku magugu yanaota. Baba aliifunga nira ile jozi iliyopumzika, akaendelea kulima. Kwa hiyo aliponiuliza habari za ndege, uzuri wake hakuuliza.

"Zipo ngapi zinazofika huko mbali?"

"Chache, baba. Lakini mpya."

"Na moja ikiumwa?"

Nilimjibu kwamba ndege haiumwi kama ng'ombe. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko kama angenitukana.

Nimekaa sana kwenye viwanja vya ndege tangu siku ile, na nimejifunza mambo ambayo wapiga ngoma hawataki kuyasikia. Ndege mpya ikitua nchini hupokelewa kwa ngoma, vitenge na hotuba, na magari ya zimamoto huimwagia maji. Spea ya injini sijawahi kuona ikipigiwa ngoma. Mashirika makubwa ya wenzetu yanakusanya abiria kutoka kila pembe, wa Lagos, wa Karachi, wa kwetu, yanawashusha kwenye kiwanja kimoja, yanawachanganya, kisha yanajaza ndege inayoondoka kila siku. Yetu inawategemea watu wa Dar es Salaam na sisi tuliosafiri kutwa kuifuata. Haijai. Kwa kuwa haijai, inapunguziwa siku, na mfanyabiashara mwenye haraka hawezi kungoja hadi Jumatano, anakwenda kwa wengine, basi inazidi kuwa tupu. Na wale wakubwa waliotuhimiza uzalendo redioni nimewaona kwa macho yangu, wamesimama kwenye foleni fupi ya daraja la juu, wakipanda ndege ya Waarabu. Mmoja alinisalimia.

Haya yote nilikuwa nimeyaona kabla baba hajafa. Niliyaona na nikaendelea kusimamia sheria yangu.

Sasa niseme kuhusu shamba. Wachimbaji walikuwa wamekwishapima udongo wa majirani zetu wakakuta dhahabu, na walitaka kuingia kwetu. Baba alikataa. Nusu ya watoto wake walimnung'unikia, akiwemo mdogo wangu wa kiume anayenifuata, ambaye alikuwa ameanza kufanya biashara ya simu na aliona baba anakalia utajiri. Safari moja nilipokwenda kuaga, baba alituita wote, akasema mbele ya baba mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, kwamba yeye akifa shamba lisichimbwe, na mimi ndiye nitakayelisimamia. Hakuandika popote. Hakuona haja, kwa sababu katika ukoo wetu jambo hilo lina njia yake. Mtoto mkubwa ndiye anayetia udongo wa kwanza kaburini, awe mwanamume au mwanamke, na aliyetia udongo wa kwanza ndiye anayeitisha kikao baada ya matanga. Kwenye kikao hicho neno lake ndilo la mwisho. Mimi ndiye mkubwa.

Mwezi ule ule nilikuwa Guangzhou, na mdogo wangu, aliyekuwa amefuata simu zake, alikuwa hoteli moja na mimi. Jumanne asubuhi baba mdogo alipiga simu. Baba alikuwa ameanguka zizini, akafia njiani kwenda hospitali. Maziko yangekuwa Ijumaa.

Mdogo wangu alilia, kisha akaosha uso, akaanza kutafuta tiketi kwenye simu. Ilikuwepo ya jioni ile ile, ya shirika la kigeni, ya kuzungukia Uarabuni.

"Dada, zimebaki nafasi mbili. Nikukatie?"

"Mimi nina tiketi yangu. Ndege yetu inaondoka kesho, haizunguki popote. Tutafika siku moja."

"Na isipoondoka?"

"Usiache mbachao kwa msala upitao," nilimwambia. Nilimsomea methali, baba yetu akiwa mochwari.

Hakubishana. Alikata yake moja. Nikiwa mkweli kabisa, nilifikiri pia juu ya wanawake wa kikundi. Miezi miwili nyuma tulikuwa tumemtenga mwenzetu, muuza vyombo, kwa kupanda ndege ya Wahabeshi wakati mtoto wake ameungua na maji moto. Mimi ndiye niliyemsomea hukumu. Ningerudije Buseresere nimeshuka kwenye ndege ya mgeni?

Jumatano mchana nilifika uwanjani nikakuta Watanzania wamekalia masanduku yao. Ndege haikuwa imetoka Dar es Salaam. Kijana wa shirika, mpole, aliyevaa tai yenye rangi za bendera, alitueleza kwamba injini ina hitilafu. Nilimwuliza kama kuna ndege nyingine.

"Ipo, mama, lakini iko Bombay. Na yenyewe ina abiria wanaoisubiri."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu inasubiri injini, mama. Injini ziko kwa mtengenezaji, kuna foleni."

Nilimweleza kuhusu msiba. Aliniamkia upya, akaniambia pole, na aliimaanisha, jambo lililozidi kunitia hasira, kwa sababu mtu mwema ni mgumu kumtukana. Nikamwambia watuhamishie kwenye shirika lingine, kama wanavyofanya wenzao wakikwama. Akasema mashirika mengi hayana mkataba nao wa kubadilishana abiria, na lile lenye mkataba linahitaji kibali cha makao makuu, na anayetia sahihi yuko kwenye kikao. Kesho yake alikuwa bado kwenye kikao. Hata leo nikimfikiria mtu yule nisiyemjua sura, namwona mezani na chupa yake ya maji, anajadili namna ya kushindana kimataifa.

Watu huniuliza kwa nini sikununua tiketi nyingine. Kwa sababu kila mara niliambiwa kesho asubuhi. Laiti wangeniambia siku tatu, ningejua la kufanya. Kesho asubuhi inamfunga mtu miguu. Alhamisi ilikuwa kesho asubuhi, na Ijumaa vilevile. Mdogo wangu alinipigia simu Alhamisi mchana akiwa nyumbani, nikasikia wanawake wanalia nyuma yake. Nilimwomba baba mdogo waahirishe maziko, akaahirisha hadi Jumamosi. Ijumaa nilimwomba tena.

"Mwanangu, padri amekwisha kuahirisha misa mara moja. Jumapili ana misa kwenye vigango vitatu. Watu wamelala hapa tangu Jumanne, na jokofu la mochwari linazimika umeme ukikatika. Unataka tumfanye nini baba yako?"

"Nisubirini mpaka Jumapili."

"Unakuja na ndege gani?"

Nilimwambia. Akasema mvua zinakuja, akakata simu.

Ndege ilikuja Jumamosi. Ilikuwa safi, wahudumu walikuwa na tabasamu, na nusu ya viti vilikuwa vitupu, kwa maana wenye akili walikuwa wamekwishaondoka. Rubani aliomba radhi kwa usumbufu, akatushukuru kwa kuchagua ndege yetu. Mama mmoja nyuma yangu alipiga makofi tulipotua. Nilitamani kumzaba kibao.

Jumapili asubuhi nilipanda nyingine hadi Mwanza, nikakodi gari. Nilipita mbele ya duka langu mwenyewe Buseresere bila kusimama. Nilipofika nyumbani ilikuwa mchana, turubai lingali limefungwa, wanaume wanacheza bao kwa sauti ya chini. Kaburi lilikuwa limekwishafunikwa, na mashada ya maua yameanza kunyauka. Niliinama nikachota udongo. Shangazi yangu, dada wa baba, alinishika mkono.

"Acha, mama. Udongo wa kwanza umetiwa. Haurudiwi."

"Nani aliutia?"

Aligeuza macho kuelekea nyumba. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na kanzu ya baba begani. Alikuja akanikumbatia, akalia kwa dhati, nami nililia naye. Sina ugomvi na machozi yake. Alifanya alichofanya kwa sababu alikuwepo.

Matanga yalipokwisha, aliitisha kikao. Niliingia nikaelekea kiti changu, kile cha kulia kwa baba mdogo, ambacho baba mwenyewe alinikalisha nilipomaliza shule. Baba mdogo alinionyesha mkeka.

"Kaa pale na wadogo zako."

"Tangu lini mimi nina nafasi ya mdogo hapa?"

"Tulikusubiri mara mbili," alisema, bila chuki, kama mtu anayesoma tangazo. "Mkubwa ni aliyefika."

Niliwaeleza ile kauli ya baba, neno kwa neno. Nikamwambia baba mdogo, wewe ulikuwepo. Akakubali kwamba alikuwepo. Akasema baba alinitaja mimi kwa kujua kwamba mimi ndiye nitakayetia udongo, na kwamba mila haimngoji mtu uwanjani. Nilitafuta jibu. Kila jibu lililonijia lilikuwa na injini ndani yake, na foleni ya mtengenezaji, na sahihi ya mtu aliye kikaoni, na niliona jinsi ambavyo lingesikika kwa wazee wale waliokuja kwa miguu kutoka vijiji vya mbali na wakawahi.

Mdogo wangu alikohoa. Akasema anaheshimu kauli ya marehemu, lakini marehemu hakujua bei ya ada za shule, na amekwisha kuzungumza na wachimbaji. Wangeanza na upande wa viazi. Baba mdogo aliuliza kama kuna asiyekubali. Nilinyoosha mkono. Kwenye mkeka ule, mkono wangu ulikuwa peke yake.

"Wadogo watasikilizwa tukishamaliza," alisema, akageukia upande wa wakubwa.

Upande wa viazi ndiko kaburi liliko. Wiki ya pili wachimbaji walikuja na kamba zao, wakapima hatua kumi kutoka kwenye msalaba, wakanitaka radhi kwa adabu nisogee pale niliposimama kando ya kaburi.