Chai ya Veranda

"Shosho, si nimesema ungoje hapo kwa lobi?" Askari wa jengo hili la mjini, kijana wa kuwa mjukuu wangu, ananiambia mara ya tatu. Nimesikia, mimi si kiziwi! Sakafu yenyewe inanuka ile polishi nyekundu niliyokuwa nikisugua nikiwa mtoto, kwetu Uthiru.

Mahali pa kungojea kama hapa, sisi tulipaita veranda. Ilikuwa ya muuza mboga, ya mgeni tusiyemjua, na ya baba, tangu atuache akaoe kwingine. Kila Jumapili alikuja, akavua viatu, akangoja.

"Mama, si aingie tu!"

"Chai yake iko hapo veranda. Wewe sugua."

Nikasugua kwa hasira. Nilipofika miguuni pa baba, akaiinua nipite, kama mgeni.