Wa Mbele Hageuki

Ukisikia mtu hapa Teluk Intan anasema Izwan aliumizwa na wapinzani, mwambie amedanganywa. Mimi nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu haya. Izwan ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea kwa wali wa nazi ninaouza kila asubuhi mbele ya ukumbi wa mji, na dagaa wake na pilipili yake, umefungwa kwenye jani la mgomba.

Ukumbini humo ndimo alimompata Teik Lun, mtoto wa Kichina wa mkahawa wa ng'ambo ya barabara. Wakawa chanda na pete. Mchezo wao ni mpira wa vinyoya, badminton, wawili kwa wawili. Izwan, mfupi na mwepesi, akawekwa mbele karibu na wavu. Teik Lun akakaa nyuma, kazi yake kuruka juu na kukishindilia kinyoya. Mwalimu Thanabalan, mstaafu mmoja mwenye mdomo, aliwapa sheria moja kabla ya zote: wa mbele hageuki. Pigo la mwenzako linakupitia pembeni ya sikio, ukigeuza uso umekwisha.

"We Izwan, unatafuta nini huko nyuma? Umeacha mchumba?" alikuwa akifoka. "Huko yupo mwenzio, basi! Macho mbele!"

Na mtoto akashika. Miaka yote ile sikumwona akigeuka. Kambi ya taifa ya Kuala Lumpur ikawachukua wote wawili, nikalia kwa furaha hadi wateja wakanicheka.

Mwaka jana alirudi nyumbani kwa Idi, hali, hasemi. Nilimpikia rendang, nyama ya nazi na viungo inayochemka hadi ikauke, tangu alfajiri, akaichokonoachokonoa tu.

"Una nini wewe?"

"Mama Mkubwa, kambini wanasema tutatenganishwa. Teik Lun apewe mtu mrefu. Eti mwenyewe ameshakubali."

"Nani kasema?"

"Watu."

"Watu! Teik Lun huyo hapo ng'ambo, anamkorogea baba yake kahawa. Vuka ukamuulize."

"Na akisema ndiyo?"

"Si utakuwa umejua!"

Hakuvuka. Kichwa kigumu, kama mama yake. Jioni Teik Lun akaja mwenyewe kutupa mkono wa Idi, na mfuko wa machungwa. Wakakaa sebuleni wakicheka ya utotoni, na hilo jambo hakuna aliyeligusa. Iliniuma, lakini wao ni watu wazima.

Baada ya Idi kulikuwa na mashindano mjini Ipoh. Izwan aliniambia kwenye simu kwamba wakishinda, hakuna atakayethubutu kuwatenganisha. Nikafunga biashara, nikapanda basi. Seti ya kwanza wakapigwa, ya pili wakashinda, ya tatu wakawa wanafukuzana alama kwa alama. Hapo Teik Lun akakosa vinyoya viwili vyepesi, vya mtoto mdogo. Nikaona mabega ya Izwan yamekaza. Namjua yule, alishaanza kuwaza kwamba mwenzake anakosa makusudi.

Wapinzani wakakiinua kinyoya juu sana. Nikasikia viatu vya Teik Lun vikiruka. Na Izwan akageuka.

Jamani! Kinyoya kikampata jichoni, hata sikumsikia akilia. Alipiga magoti, mkono juu ya jicho la kushoto, na aliyekuwa anapiga mayowe ni Teik Lun.

Hospitalini walimpasua, wakarudia. Daktari hakuzunguka: jicho hilo halitaona tena. Teik Lun alikuja wodini, akakaa miguuni pa kitanda.

"Kwa nini uligeuka? Wewe! Wewe hugeuki!"

"Nilitaka kuona kama bado upo."

Teik Lun akainamisha kichwa. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo, kwamba wakubwa wa kambi waliwahi kumwita ofisini kabla ya Idi wakamuuliza, akakubali. Siku ile ya machungwa alikuja ili amwambie, akaogopa.

Haki ya Mungu, nilishainua mkono nimzabe kibao. Izwan akaushika.

"Mwache, Mama Mkubwa. Hata mimi sikumuuliza."

Sasa Teik Lun anacheza na huyo mrefu, na wanashinda. Baba yake hupunguza sauti ya televisheni akimwona Izwan anaingia mkahawani kununua barafu. Mzee wa watu, hajui aangalie wapi. Mtoto wangu ana miaka ishirini na moja na anafunga wali kwenye majani pamoja nami. Mimi sijamsamehe mtu, nisiongope.

Upande wa kushoto haoni kabisa, kwa hiyo kila akivuka barabara inabidi ageuze kichwa chote. Anasahau. Juzi alikuwa anarudi na barafu, lori la mawese likawa linamjia upande huo huo, nami huku nimeshika mwiko, napiga kelele.

"Geuka, Izwan! Geuka, mwanangu!"

Dereva akafunga breki, akatukana. Izwan alikuwa amesimama katikati ya barabara na barafu yake, macho mbele, kama alivyofundishwa.